Kisima, Karo na Kibanja

Watu wa pwani waliijua Karagwe kabla ya ramani za Wazungu kuitaja. Speke na Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika, mwezi wa Novemba 1861, wafanyabiashara wa pwani walikwisha kuwa na kituo chao Kafuro, wakitafuta pembe za ndovu. Leo Bugene, kata iliyo jirani na Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, inashirikiana na Unguja jambo lisilotajwa sana katika mashairi: maji yaliyo chini ya ardhi, na uchafu unaozikwa juu yake.

Katika Karagwe na Buhaya, neema ya nyumba ilionekana kibanjani. Kibanja ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba, na rutuba yake haikuja yenyewe. Ilijengwa kwa samadi ya ng'ombe, nyasi za rweya, majivu na maganda ya jikoni, kizazi baada ya kizazi. Kilichotoka shambani kilirudi shambani. Waliolisha migomba hiyo hawakuijua naitrojeni kwa jina. Waliijua kwa uzito wa mkungu.

Karo la choo lilikuja na fikra nyingine. Mfaransa Jean-Louis Mouras alilipatia hataza mwaka 1881. Kazi yake ni kutuliza yabisi chini na kuyaachia maji yapenye ardhini. Harufu hupungua, macho hayaoni kitu, na mwenye nyumba huridhika. Lakini naitrojeni, ambayo sehemu yake kubwa imo katika mkojo, hutoka pamoja na maji hayo.

Inakokwenda kulikwisha kujulikana hata kabla ya hataza ya Mouras. Mwaka 1877 Schloesing na Müntz, nao Wafaransa, walipitisha majitaka katika bomba lililojaa mchanga na chokaa. Kwa siku 20 amonia ilitoka kama ilivyoingia. Kisha ikaanza kutoka naitreti. Walipotia klorofomu, kazi ikasita, na hapo ikabainika kwamba wafanyakazi ni viumbe hai. Udongo ulio chini ya karo hufanya kazi iyo hiyo. Naitreti haing'ang'anii udongo. Mvua huiteremsha mpaka kwenye maji.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Naitreti haina rangi wala harufu. Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, alieleza habari za watoto wachanga waliogeuka buluu baada ya kunyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji ya kisima. Mwilini mwa mtoto naitreti hugeuka naitriti, nayo huizuia damu kuchukua oksijeni. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 katika lita moja ya maji. Kuchemsha, kunakoua vijidudu vya kipindupindu, hakuifai kitu naitreti; maji yakipungua sufuriani, yenyewe huzidi kukolea.

Unguja ilipata somo lake kwa njia chungu. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliangamiza watu wengi, na daktari James Christie, katika kitabu chake cha mwaka 1876, aliyaandika maradhi hayo na hali ya mji ulioyapokea. Baadaye Sayyid Barghash akayaleta mjini maji ya chemchemi zilizo nje ya mji. Dawa yake ilikuwa kuyafuata maji mbali na mashimo. Bara nako, utafiti wa Hudson Nkotagu uliochapishwa mwaka 1996 uliihusisha naitreti nyingi ya maji ya ardhini ya Dodoma na majitaka ya watu.

Bugene, hata hivyo, karo lisihukumiwe kabla ya kupimwa. Samadi ya kibanja nayo huzaa naitreti, na kisima cha bondeni hupokea kutoka kwa wote wawili. Hukumu ya haki hutaka maji yapimwe juu na chini ya mteremko, kiangazi na masika, na kloridi ipimwe pamoja na naitreti, kwani chumvi ya mkojo huenda na maji pasipo kugeuka. Hukumu ikicheleweshwa sana, mwenye kuilipia ni mtoto asiyejua kusema.

Karagwe yenyewe imekwisha jaribu njia ya tatu. Shirika la wakulima la MAVUNO, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, walitengeneza vyoo vinavyotenga mkojo na kinyesi. Kinyesi hupashwa moto ili vijidudu vife, kikachanganywa na vumbi la mkaa na mabaki ya shamba, kikawa mboji. Na zama za babu zisingeona ajabu jambo hilo kuliko mwaka 2014, mboji hiyo ilipojaribiwa shambani. Naitrojeni inayokinywesha kisima sumu ndiyo ile ile inayouneemesha mgomba. Kinachotofautisha ni mahali inapopelekwa.