Marijani ya Msituni

Kwetu sisi watu wa visiwani, likitajwa neno marijani, fikira huenda baharini, au kwenye shanga nyekundu za mabibi zetu. Lakini iko marijani nyingine isiyojua ladha ya chumvi. Ni uyoga uotao ardhini katika misitu ya Ulaya, chini ya miti ya jamaa ya mwaloni. Hauna mwavuli kama uyoga tuuzoeao. Una shina nene jeupe, na juu yake matawi mengi yaliyosongamana, yenye ncha za wekundu wa waridi. Huliwa ungali mchanga, ukiisha kupikwa vyema.

Aliyeupa jina la kitaalamu ni Christiaan Hendrik Persoon, mzaliwa wa Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa bara letu hili. Alipelekwa Ulaya angali mtoto, akabaki yatima, wala hakurudi tena. Mwaka 1797 alitoa kitabu juu ya uyoga wa namna hii. Huu akauita botrytis, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kichala cha zabibu. Kitabuni humohumo aliueleza na mwingine, akauita formosa, yaani mzuri wa sura.

Hapo ndipo penye fundisho. Huo mzuri una matawi ya waridi na ncha za manjano, na aulaye hushikwa na tumbo la kuendesha. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Tena, umri ukizidi, rangi za uyoga wote wawili hufifia, na mchumaji hubaki kubahatisha. Basi jina lililopambanuliwa vyema si pambo la wasomi. Ni kinga ya mlaji.

Persoon mwenyewe aliishi Paris zaidi ya miaka 30, hana mke wala kazi, katika ufukara. Mwaka 1825 aliitoa hazina yake ya mimea na uyoga mkavu kwa serikali ya Uholanzi, ili apate posho ya kujikimu. Alifariki mwaka 1836. Hazina hiyo ingaliko Leiden hata leo.

Nami, niliyezeeka nikipima maneno ya lugha mbili, namhesabu kuwa mwenzetu. Hakuacha nyumba wala mtoto. Aliacha majina, na majina hayo yangali yakimwonyesha mtu kipi atie chunguni, na kipi akiache msituni.