Perege na Mnyoo Wake

Historia ya ufugaji wa samaki Tanganyika huanziwa mwaka 1949, yalipofanywa majaribio ya mabwawa ya perege huko Korogwe na Malya. Katika masimulizi hayo huhesabiwa mabwawa na huhesabiwa samaki. Mnyoo aliyesafiri nao hatajwi.

Mnyoo huyo ni bapa, jamaa ya yule wa kichocho, lakini desturi zao ni mbalimbali. Wa kichocho hana maisha pasipo konokono wa kumlea utotoni. Huyu wa samaki, ambaye wataalamu humwita monojenea, hahitaji mlezi: yai huanguliwa majini, kitoto kikaogelea kumtafuta samaki, kikajishikiza kwa kulabu zake katika matamvua. Mwili wake ni mdogo mno hata jicho tupu ni shida kumwona. Basi ndoo moja ya vifaranga yatosha kuhamisha ukoo mzima.

Norwei wameyaonja hayo. Katika miaka ya 1970 samoni wachanga kutoka Uswidi waliwaletea *Gyrodactylus salaris*, mnyoo azaaye mtoto ambaye tumboni mwake mna mtoto mwingine tayari. Samoni wa huko hawakuwa na kinga. Mito zaidi ya 40 iliambukizwa, na serikali ikaamua kuua samaki wote wa mito mingi ili mnyoo akose pa kushika. Sumu waliyoitumia, rotenoni, imo pia katika utupa wa wavuvi wetu wa kale.

Mkulima wa Mlola achimbapo bwawa kando ya kijito yu mbali na Norwei, lakini si mbali na Mto Pangani, ambako maji mengi ya Usambara huishia. Mwaka 1955 Rosemary Lowe alizieleza aina mpya za perege wa Pangani na Ziwa Jipe, mojawapo ikapewa jina la Korogwe. Perege wa Nile, ambaye ndiye afugwaye zaidi siku hizi, ni mgeni kwao, na huja na minyoo yake.

Je, mnyoo mgeni atatambulikanaje? Katika bonde la Kongo wachunguzi walifunua matamvua ya samaki waliohifadhiwa katika makumbusho kabla perege wa Nile hajaletwa, wakayalinganisha na ya samaki wa leo. Kwa njia hiyo iligunduliwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, kwamba minyoo ya mgeni imewarukia wenyeji. Chupa ya makumbusho ni hati kama hati nyingine. Perege wa Pangani aliowaeleza Lowe nao wamehifadhiwa London, pamoja na matamvua yao.