Kulinda kompyuta ya Linux kwa anayeanza

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, anayeanza kutumia Ubuntu asidhani nywila ya kuingilia inatosha. Kipakatalishi kikiibwa, mwizi anaweza kukiwasha kwa flashi yenye Linux na kusoma mafaili yote bila kuijua nywila hiyo.

Kwa hiyo, unapoweka Ubuntu, chagua kusimba diski nzima, yaani kuyafumba yaliyomo kwa nywila nyingine. Iandike karatasini, uihifadhi mbali na mashine: ukiisahau, nawe umefungiwa nje.

Kisha fungua Terminal, usasishe programu: “sudo apt update”, halafu “sudo apt upgrade”. Mwisho, washa kinga ya kuzuia wageni wa mtandaoni, ambayo Ubuntu huiacha imezimwa: “sudo ufw enable”.