Muuza Vitabu na Usomaji wa Kiswahili Katika Mji wa Kakamega

1. Utangulizi

Historia ya fasihi ya Kiswahili, kama inavyofundishwa katika vyuo vyetu, ni historia ya watu wawili: mwandishi na mhakiki. Pengine mchapishaji huongezwa akawa wa tatu. Mtu wa nne, yule asimamaye nyuma ya meza ya duka akaulizwa na mzazi, "Huyu mtoto nimchukulie kitabu gani?", aghalabu hatajwi. Ilhali kwa wasomaji wengi wa bara, hasa wale ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza, yeye ndiye mhakiki wa kwanza waliyepata kumjua, na mara nyingi ndiye wa pekee.

Makala haya yanakusudia kumrudishia mtu huyo nafasi yake. Tumeuchagua mji wa Kakamega, magharibi ya Kenya, kwa sababu mbili. Kwanza, wenyeji wake ni Waluyia, ambao lahaja zao ni za Kibantu lakini si Kiswahili. Kwa hiyo kitabu cha Kiswahili kilipofika kwao kilihitaji mtu wa kukisemea. Pili, eneo hili limepitia mifumo mikuu ya uuzaji wa vitabu iliyopata kuwako nchini: ule wa misheni, ule wa idara ya serikali ya kikoloni, ule wa duka la mtu binafsi, na huu wa leo ambamo serikali huvipeleka vitabu shuleni moja kwa moja. Hoja yetu ni kwamba katika mifumo hiyo muuza vitabu hakuwa huru kukisifu alichokipenda kwa sababu tu amekipenda. Alilazimika kukivika vazi la jambo jingine: kwanza la dini, kisha la maendeleo, kisha la mtihani. Ndani ya vazi hilo ndimo ilimopita fasihi ya Kiswahili hadi ikafika majumbani mwa watu.

2. Lugha kabla ya kitabu

Yafaa tukumbuke kwamba katika sehemu hizi Kiswahili kilitangulia kitabu cha Kiswahili. Joseph Thomson alipofika katika nchi ya Wanga mwaka 1883, misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa imekwisha kuijua njia hiyo, na makao ya Nabongo Mumia yakawa kituo chao. Makao makuu ya wilaya yalipohamishwa kutoka Mumias hadi Kakamega, karibu na mwaka 1920, lugha ya askari na makarani ilihama pamoja nayo. Kisha dhahabu ikagunduliwa mwaka 1931. Wachimbaji wa Kizungu wakamiminika, na vibarua wakatoka katika makabila mbalimbali. Mzungu, Mhindi mwenye duka, Mluyia, Mjaluo na Mnandi hawakuwa na lugha nyingine ya kupatania bei na ujira.

Lakini lugha hiyo ilikuwa ya mdomo. Ilikuwa lugha ya kuamrisha na kununua, wala haikuhesabiwa kuwa lugha ya kusoma kwa starehe. Kazi ya kuipa hadhi ya pili ilihitaji vitabu, na vitabu vilihitaji wa kuviuza.

3. Vazi la dini

Wamisheni wa Friends walifungua kituo cha Kaimosi mwaka 1902. Church Missionary Society wakafika Maseno mwaka 1906 na Butere mwaka 1912. Church of God wakawa Kima, na Wakatoliki Mumias na Mukumu. Waumini wa kwanza waliitwa kwa jina ambalo mwanaisimu hawezi kulipita bila ya kulitazama: *abasomi*, yaani wasomao. Kuwa Mkristo na kuwa mwenye kitabu lilikuwa jambo moja. Mwalimu wa misheni aliyebeba vitabu vya nyimbo na vya kujifunzia kusoma, akaviuza kijiji kwa kijiji, ndiye babu wa muuza vitabu wa leo.

Kila misheni ilipendelea lahaja ya mahali ilipokaa. Emory Rees, akisaidiwa na Joel Litu, alifasiri Agano Jipya kwa Kilogoli, likachapwa mwaka 1925. Biblia nzima ya lahaja hiyo ikatoka mwaka 1951. Waanglikana nao walishika lahaja nyingine. Juhudi za kuziunganisha lahaja hizo, zilizoanza katika miaka ya 1940 kwa kamati ya lugha ambayo L. L. Appleby aliitumikia sana, zilizaa Biblia ya Kiluyia ya mwaka 1975. Matokeo yake kwa biashara yalikuwa dhahiri. Kitabu cha lahaja moja kilipata wanunuzi katika eneo moja. Kitabu cha Kiswahili kiliweza kuvuka mipaka ya misheni zote.

Vitabu vya hadithi vya Kiswahili vilivyokuwako vilikuwa vichache, na vingi vilikuwa tafsiri, kama *Mashimo ya Mfalme Sulemani* ya mwaka 1929. Mfano unaotufaa zaidi ni *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, kilichotolewa na Sheldon Press ya London mwaka 1934. Mchapishaji huyo alikuwa tawi la shirika la kidini, na kitabu kinaeleza habari za watumwa waliookolewa baharini wakawekwa katika makao ya misheni huko Mombasa. Muuzaji wa misheni aliweza kukisifu pasipo hofu, kwa kuwa ni kitabu cha ukombozi kwa maana ya kanisa. Msomaji naye alikichukua akakuta humo habari za Waafrika zilizoandikwa na Mwafrika. Jina la kidini lilikifungulia mlango, lakini kilichoingia ndani kilikuwa kikubwa kuliko jina hilo.

4. Vazi la maendeleo

Mfumo wa pili ulianzishwa na mtu ambaye mwenyewe alikuwa muuza vitabu. Charles Granston Richards alifika Kenya mwaka 1935 kuliendesha duka la vitabu la Church Missionary Society mjini Nairobi. Alikaa miaka mingi akiona nani anaingia, anauliza nini, na anaondoka mikono mitupu kwa kukosa nini. Serikali za Afrika Mashariki zilipounda East African Literature Bureau mwaka 1948, yeye ndiye aliyewekwa kuiongoza. Hapa twaona jambo lisilotiliwa mkazo wa kutosha: idara iliyochapa sehemu kubwa ya fasihi ya Kiswahili ya kipindi kile ilikuwa na asili yake katika maarifa ya kaunta ya duka.

Kwa Kakamega, tunda lenye maana kubwa la idara hiyo ni kitabu kidogo cha J. D. Otiende, *Habari za Abaluyia*, kilichotolewa na Eagle Press mwaka 1949. Mwandishi alikuwa mwenyeji wa Vihiga, na mwaka 1963 akawa Waziri wa Elimu wa kwanza wa Kenya huru. Alipotaka kueleza mila na asili ya watu wake kwa kitabu, aliandika kwa Kiswahili, kwani lahaja yoyote moja ingewafanya wengine wajione wageni katika historia yao wenyewe. Kwa muuza vitabu, hicho kilikuwa silaha ambayo hakuwa nayo kabla. Aliweza sasa kumwambia mzee wa Kiluyia kwamba Kiswahili si lugha ya askari na sokoni tu; kimo kitabuni kikimweleza yeye na babu zake.

Idara hiyohiyo ilipeleka maktaba za masanduku vijijini na kuazimisha vitabu kwa posta. Iliendesha pia mashindano ya uandishi, na hayo ndiyo yaliyomtoa Muhammed Said Abdulla wa Unguja na *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya ya upelelezi iliyochapwa mwaka 1960. Serikali ilivitaka vitabu vifundishe kilimo bora, afya na uraia. Hadithi zikapenya katikati ya vitabu vya mbolea na vya kulea watoto, nazo zikahesabiwa kuwa sehemu ya maendeleo hayohayo.

5. Vazi la mtihani

Baada ya Uhuru, Kakamega ukawa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi, na shule zikaongezeka haraka. Ingedhaniwa kwamba sasa muuza vitabu wa Kiswahili angestawi. Haikuwa hivyo mara moja. Tume ya Ominde ilipendekeza mwaka 1964 kwamba Kiswahili kifundishwe katika shule zote za msingi, lakini hakikuwekwa katika mtihani wa kumaliza shule hizo. Somo lisilotahiniwa halina mnunuzi. Tena, serikali ilikuwa ikigawa vitabu vya shule za msingi kwa mpango wake yenyewe, na duka likabakiwa na wanafunzi wa sekondari, walimu na vifaa vya kuandikia.

Mambo mawili yaligeuza hali hiyo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, kufuatia ripoti ya Mackay ya mwaka 1981, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye karatasi ya insha katika mtihani. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, sera ya kuchangia gharama ikamtwika mzazi mzigo wa kununua vitabu. Januari ikawa mavuno ya muuza vitabu. Yeye aliyekuwa akingoja wateja sasa alikabiliwa na foleni ya wazazi, kila mmoja na orodha ya shule mkononi.

Mpangilio wa duka lenyewe una maana katika hoja yetu. Katika miji ya Ulaya na Marekani msomaji huzunguka mwenyewe kati ya rafu, na katika maduka mengine wafanyakazi hubandika vijikaratasi vyenye maneno machache ya kukisifu kitabu walichokipenda. Katika duka la kawaida la mji wetu wa mkoani vitabu vimekaa nyuma ya muuzaji. Mnunuzi hawezi kukigusa kitabu kabla ya kukiomba, na hawezi kukiomba asichokijua jina. Ulimi wa muuzaji ndio kijikaratasi chake.

Mazungumzo hufuata njia moja. Mama huleta orodha. Muuzaji huvishusha vya hesabu, sayansi na sarufi, huvipanga na kuvijumlisha. Kisha huuliza, "Mama, mtoto yuko darasa la ngapi? Na insha je?" Mama hulalamika kwamba insha zinamshinda. Hapo muuzaji hunyosha mkono kwenye rafu ya hadithi: "Basi ongeza hiki. Kina methali na misemo mizuri, kitamsaidia kwenye mtihani." Hamwambii mama kwamba alikisoma usiku kucha, wala kwamba mwisho wake unahuzunisha. Hayo hayangefungua mkoba. Husema "mtihani", na kitabu huenda nyumbani.

*Siku Njema* cha Ken Walibora, kilichotolewa na Longhorn mwaka 1996, chafaa kuwa mfano wa vitabu vya namna hiyo. Kina utajiri wa misemo ambao mwalimu wa insha huutafuta. Lakini pia kinamchukua kijana kutoka Tanga hadi Kitale, mwendo wa saa chache tu kutoka Kakamega. Mtoto wa Kiluyia aliyenunuliwa kitabu hicho kwa ajili ya alama alikuta Kiswahili kimefika jirani na kwao, kinalima mahindi. *Utengano* cha Said Ahmed Mohamed na *Kidagaa Kimemwozea* cha Walibora navyo viliuzwa kwa wingi vilipoteuliwa kutahiniwa katika kidato cha nne.

Hatusemi kwamba vazi la mtihani halikuwa na hasara. Ushairi uliuzwa ulipotahiniwa tu, na kitabu kilichotoka kwenye orodha kilikufa rafuni hata kama ni bora. Waliojaribu njia nyingine walikuwa wachache. Asenath Bole Odaga, mwandishi wa Kidholuo na Kiingereza, aliendesha mjini Kisumu duka la vitabu la Thu Tinda pamoja na kampuni yake ya uchapishaji, Lake Publishers. Kwake mwandishi, mchapishaji na muuzaji walikuwa mtu mmoja. Aliaga dunia mwaka 2014.

6. Mfumo wa leo

Elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka 2003, shule zilipewa fedha zikanunue vitabu vilivyoidhinishwa, na maduka yakaendelea kuwa njia. Mwaka 2013 vitabu vikatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Kisha, kuanzia Januari 2018, serikali ikaanza kuvinunua vitabu vya kiada kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni moja kwa moja. Lengo lilikuwa jema: kila mwanafunzi awe na kitabu chake, na ubadhirifu uzuiwe. Hatuna haja ya kulipinga. Lakini hesabu ya duka ilikuwa imesimama juu ya kitabu cha kiada. Faida ya Januari ndiyo iliyomwezesha muuzaji kuweka nakala tano za riwaya ambazo pengine zingekaa mwaka mzima. Orodha ilipopungua kitabu cha kiada, mama hakuwa na sababu ya kuingia dukani. Na asipoingia, lile swali la insha haliulizwi.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba muuza vitabu wa Kakamega alikuwa mhakiki aliyefanya kazi kwa maneno ya kuazima. Aliazima ya kanisa, ya serikali, na ya baraza la mitihani, akayatumia kuvipa njia vitabu ambavyo vingebaki bohari. Ni kosa kumdharau kwa kuwa hakuandika uhakiki wake. Ni kosa pia kungoja hadi wale walioanza kazi katika miaka ya 1970 na 1980 wawe wametutoka.

Idara za Kiswahili hazina budi kuchukua hatua. Wanafunzi wa shahada, hasa walio katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilichomo mjini humohumo, waweza kutumwa kwa wauzaji hao na maswali mepesi: kitabu gani ulikisoma mwenyewe, ulimpa nani, ulimwambia nini ili akinunue? Daftari za mauzo, hati za kuagizia na orodha za shule za zamani zikusanywe kabla hazijafungiwa sukari. Tukizipata, tutaweza kuandika historia ya fasihi ambayo ndani yake yumo pia aliyeisoma, pamoja na yule aliyemwambia aisome.