Mti wa Vifaa: Kutoka Kompyuta za Sun hadi Bodi za ARM

Washa Raspberry Pi yenye Linux, fungua dirisha la amri, uandike cat /proc/device-tree/model. Jina la bodi litajitokeza papo hapo pamoja na toleo lake. Kerneli haikulibahatisha. Kabla haijaanza kazi ilikabidhiwa faili dogo la .dtb linaloeleza bodi nzima: vichakataji vingapi, kumbukumbu inaanzia wapi, bandari ya siriali iko anwani gani. Lifungue faili hilo kwa xxd, nawe utakuta baiti nne za mwanzo zinasomeka d00dfeed. Nimeifuata alama hiyo kurudi nyuma, na chimbuko lake halikuwa kwenye ARM, aina ya vichakataji ambayo Raspberry Pi hutumia, hata kidogo.

Kituo cha kwanza ni mwaka 2005, kwenye Linux ya PowerPC, aina nyingine ya vichakataji. Benjamin Herrenschmidt na wenzake walitaka kila mashine ya PowerPC ijieleze kwa kerneli kwa njia moja. Kompyuta za Apple na IBM ziliweza, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na Open Firmware, programu ya kuwashia mashine inayotunza mti wa vifaa vyote vilivyomo. Bodi ndogo za viwandani hazikuwa nayo. Basi wakauchukua mti wenyewe, wakauacha mzigo mwingine wote, wakaulaza uwe kipande kimoja cha data ambacho programu yoyote ya kuwashia inaweza kukiweka kwenye kumbukumbu. David Gibson akaandika dtc, kompaila inayogeuza maelezo yanayosomeka na binadamu kuwa kipande hicho. Kwangu mimi, hakuna hatua kubwa kuliko hiyo katika njia hii yote: maelezo ya mashine yaliachana na programu iliyoyazaa.

Programu hiyo, Open Firmware, ilizaliwa Sun Microsystems, Marekani. SPARCstation 1 ilipotoka mwaka 1989 ilikuja nayo kwa jina la OpenBoot, kazi ya Mitch Bradley. Ukibonyeza Stop na A, mfumo endeshi unasimama, skrini inakuonyesha ok, nawe unaandika amri kwa lugha ya Forth na kuvikagua vifaa kimoja kimoja. Mwaka 1994 wazo hilo likawa kiwango cha IEEE 1275. Sifa za compatible, reg na ranges zilizoandikwa humo ndizo zilezile tunazoandika leo. Bradley aliendelea nalo hadi kwenye XO, kompyuta ndogo za mradi wa One Laptop per Child, ambazo watoto wa shule za msingi za Rwanda walipewa kwa maelfu.

Upande wa ARM mambo yalikwenda vingine. Kwenye kompyuta ya kawaida, kerneli huziuliza kadi za PCI nazo hujitaja. Vifaa vilivyomo ndani ya chipu ya ARM havijitaji. Kerneli ikigusa anwani isiyo na kifaa, bodi inaweza kuganda. Kwa hiyo kila bodi iliandikiwa faili lake la lugha ya C ndani ya kerneli, ikapewa na nambari kwenye daftari lililotunzwa na Russell King. Raspberry Pi ilikuwa 3138. Bodi zikaongezeka, mafaili yakarundikana, na Machi 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akalalamika hadharani, kwa ukali. Nadhani alikuwa na haki: mengi yalikuwa marudio ya jambo moja. Grant Likely alikuwa ameshaanza kuuleta mti wa PowerPC upande huu. Linux 3.7, Desemba 2012, iliruhusu kerneli moja ya ARM iwake kwenye chipu za watengenezaji tofauti.

Tazama bandari ya siriali ya Pi, ile ya PL011. Kwenye Pi ya kwanza iko 0x20201000, kwenye Pi 2 na 3 iko 0x3f201000, kwenye Pi 4 iko 0xfe201000. Draiva ni ileile, haikuguswa. Maelezo yake kwenye mti yanataja 0x7e201000, anwani inayoonekana na basi la ndani ya chipu, na mstari wa ranges unaitafsiri kulingana na chipu. Sifa iliyobuniwa kwa ajili ya kompyuta za bei ghali za miaka ile ndiyo inayozitofautisha bodi hizi za bei nafuu.

Faida ya mti huu anaiona hata asiyejua C. Pi 4 haina saa yenye betri, hivyo isipopata intaneti inapoteza tarehe kila umeme unapokatika. Unganisha moduli ya DS3231 kwenye pini za I2C, ongeza dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 kwenye config.txt, uwashe upya. Kipande kingine cha mti kitaunganishwa na ule wa bodi, kerneli itaipakia draiva ya rtc-ds1307, na /dev/rtc0 itakuwepo.