Bonde Lisilo na Mlango: Istilahi ya Bonde la Maji na Mfano wa Dodoma

Mwanafunzi anayejiandaa na mtihani wa jiografia hukutana na neno bonde katika maana tatu. Kwanza, ni ardhi ya chini iliyo kati ya vilima, mara nyingi mto ukipita katikati yake. Pili, ni bonde la ufa, yaani sehemu ya gamba la dunia iliyodidimia baada ya miamba kupasuka. Tatu, ni bonde la maji: eneo lote ambalo mvua inayonyesha juu yake hukusanyika na kuelekea mto, ziwa au bahari moja.

Maana ya tatu ndiyo inayowapotosha wengi. Bonde la maji si lazima liwe shimo wala ardhi ya chini. Vilele vya milima vimo ndani yake, mashamba yamo, na miji imo. Kilimanjaro, mlima mrefu kuliko yote Afrika, upande wake wa kusini umo katika Bonde la Pangani. Kinachoweka mpaka ni mteremko: tone linapodondoka, linaelekea wapi? Ni kama paa la nyumba lenye migongo miwili: matone mawili yaliyoanguka karibu karibu, kila moja upande wake wa mgongo, huishia kwenye michirizi tofauti.

Tanzania imegawanywa katika mabonde tisa ya maji: Pangani, Wami/Ruvu, Rufiji, Ruvuma na Pwani ya Kusini, Ziwa Nyasa, Bonde la Kati, Ziwa Rukwa, Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria. Kila moja lina bodi yake, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ndiyo inayozisimamia. Sehemu ndogo zaidi ndani ya bonde wataalamu huziita vidakio, kutokana na kitenzi kudaka. Neno hili ni zuri na lifundishwe darasani: kidakio ni ardhi inayodaka mvua na kuipeleka mtoni.

Mahali pazuri pa kujifunza haya ni Dodoma. Mji huu uko kwenye uwanda wa kati, kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ukiutazama uwanda huo kwa macho utasema ni tambarare, lakini maji yanaujua mteremko usioonekana. Mkoa huu mmoja umo katika mabonde matatu.

Maji ya upande wa mashariki huingia Mto Kinyasungwe. Bwawa la Hombolo, lililojengwa katika miaka ya 1950, limekinga tawi mojawapo la mto huo. Kinyasungwe hupita Gulwe, huingia katika Mkondoa kuelekea Kilosa, kisha Mkondoa humwaga maji yake Wami, nao Wami huishia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Bagamoyo. Reli ya Kati hufuata njia hiyo hiyo ya mto inapopanda kutoka Kilosa kwenda uwandani. Ndiyo maana mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliharibu vibaya reli kati ya Kilosa na Gulwe, na safari zikasimama. Sehemu kubwa ya maji yanayopita hapo hutoka mbali, kwenye ardhi kavu ya Dodoma iliyopoteza miti na nyasi. Aliyekwenda kutazama daraja lililobomoka aliona athari tu. Kidakio kilichopeleka maji hayo kiko juu, kwenye uwanda.

Upande wa kusini, Mto Kizigo hupeleka maji bwawa la Mtera, kwenye Ruaha Mkuu. Kutoka hapo maji hushuka Kidatu, huingia Rufiji, na kupita bwawa la Julius Nyerere kabla ya kufika baharini. Mabwawa hayo huzalisha umeme, na kwa njia hiyo mvua ya Dodoma inawasha taa za Dar es Salaam.

Upande wa magharibi mambo ni tofauti kabisa. Mto Bubu hushuka kutoka kaskazini, upande wa Kondoa, ukaingia kinamasi cha Bahi na kuishia hapo. Bahi imo ndani ya bonde la ufa: ardhi ilididimia, na upande wa magharibi ukabaki ukuta mrefu ambao reli huupanda kutoka Saranda hadi Manyoni. Maji yakishaingia hayana pa kutokea. Jua la Dodoma lina uwezo wa kuvukiza maji zaidi ya mara tatu ya kiasi cha mvua ya mwaka, hivyo kinachobaki ni chumvi ardhini. Ziwa Eyasi, Ziwa Manyara na Ziwa Natron yana magadi na chumvi kwa sababu hiyo hiyo. Nje ya Tanzania mifano mashuhuri ya maziwa ambayo maji yake hayana pa kutokea ni Ziwa Turkana nchini Kenya, Ziwa Chad, na Bahari ya Kaspi, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote za aina hiyo duniani.

Eneo hilo la maji yasiyofika baharini, kuanzia Natron kaskazini hadi Bahi, ndilo linaloitwa rasmi Bonde la Kati, na ofisi ya bodi yake iko Singida. Jina hilo linaeleza mahali lilipo nchini, wala halimwambii mwanafunzi jambo kuu, kwamba bonde limefungwa. Wanaisimu wana silabi funge, yaani silabi inayoishia na konsonanti. Wanajiografia nao wangeweza kusema bonde funge, na mwanafunzi angeelewa papo hapo kwa nini maziwa yake yana chumvi. Bonde la Kati libaki kuwa jina la mahali. Bonde funge liwe istilahi ya aina.

Bonde la maji lina pia sehemu iliyo chini ya ardhi. Jiji la Dodoma kwa miaka mingi limetegemea visima vya Makutupora. Vipimo vya kina cha maji vilivyochukuliwa huko kwa zaidi ya nusu karne vimeonyesha kwamba hazina hiyo haijazwi na mvua za kila mwaka. Hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, na msimu wa El Nino wa 1997/98 ulikuwa mkubwa kuliko yote. Katika miaka mingine jiji hunywa akiba.

Kwa hiyo swali la mtihani likitaka maana ya bonde la maji, jibu kamili lina mambo matatu: eneo linalodaka mvua, mpaka wake ambao ni ardhi ya juu inayogawa maji, na mahali maji yanapoishia. Kisha toa mfano. Mtahiniwa akiandika kwamba Kinyasungwe hufika bahari kupitia Wami ilhali Bubu huishia Bahi, na akaeleza kwamba kuzama kwa bonde la ufa ndiko kulikoufungia Bubu njia, ameonyesha kwamba anaielewa istilahi na anaijua nchi yake.