Dakika za Daktari, Saa za Mgonjwa: Safari ya Tiba ya Usingizi Uingereza

Mtu anayekosa usingizi haonekani mgonjwa. Hana homa wala jeraha, na asubuhi huamkia kazini kama wenzake. Shida yake humfikisha kwa daktari wa kwanza aliye karibu, na kwa zaidi ya karne moja imeishia hapo hapo, kwa kidonge. Uingereza, taifa lililowapa raia wote daktari bila malipo, ni mahali pazuri pa kuona jinsi kidonge hicho kilivyotawala na jinsi kilivyoanza kupoteza enzi.

Mizizi ya habari hii iko Ujerumani. Mwaka 1869 Oscar Liebreich alionyesha mjini Berlin kwamba klorali hulaza watu. Mwaka 1903 Emil Fischer na Joseph von Mering wakaleta Veronal, dawa ya kwanza ya ukoo wa babitureti kuingia sokoni. Dawa hizo zililaza kweli, lakini kipimo cha kulaza hakikuwa mbali na kipimo cha kuua.

Tarehe 5 Julai 1948, chini ya waziri Aneurin Bevan, Huduma ya Taifa ya Afya ilifungua milango. Waliokuwa wakivumilia maradhi kwa kukosa fedha sasa walijaa kwa madaktari wa mitaa. Kumsikiliza mtu akisimulia usiku wake huchukua nusu saa. Kumwandikia dawa huchukua dakika moja. Foleni ikiwa ndefu, dakika moja ndiyo hushinda. Babitureti zikawa dawa za kila siku, na vifo vya waliozidisha kipimo vikawa vingi.

Kiu ya dawa salama ilizaa msiba mwingine. Thalidomidi iliingia Uingereza mwaka 1958 ikisifiwa kuwa hailevyi wala haiui. Iliondolewa mwaka 1961, lakini duniani kote watoto wapatao 10,000 au zaidi walikwishazaliwa na kasoro, wengi wakiwa na mikono au miguu mifupi. Mama zao walikuwa wameitumia wakiwa wajawazito.

Wakati huo huo, mkemia Leo Sternbach alikuwa amegundua benzodiazepini, ukoo mwingine wa dawa za kutuliza na kulaza. Ya kwanza iliuzwa mwaka 1960, diazepamu ikafuata mwaka 1963, kisha nitrazepamu, ambayo Waingereza waliijua kwa jina la Mogadon. Aliyezidisha hizi hakufa kwa urahisi kama aliyezidisha babitureti, basi madaktari wakashusha pumzi. Deni lilikuja baadaye. Wagonjwa waliojaribu kuziacha walitetemeka, wakashikwa na hofu, na usingizi wao ukawa mbaya kuliko mwanzo. Kuanzia mwaka 1982, Heather Ashton aliendesha kliniki mjini Newcastle akiwasaidia kupunguza dozi hatua kwa hatua. Mwaka 1988 kamati ya usalama wa dawa ikaagiza zisitumike zaidi ya wiki 2 hadi 4.

Huku vidonge vikibadilishana zamu, hoja nyingine ilikuwa ikikomaa Marekani. Mwaka 1972 Richard Bootzin alieleza kwamba anayegaagaa kitandani kila usiku hukizoea kitanda kuwa mahali pa kukesha. Mwaka 1987 Arthur Spielman na wenzake walipendekeza dawa iliyoonekana kinyume cha akili: punguza muda wa kitandani. Mgonjwa huandika saa anazolala hasa. Kama hulala saa 6 ilhali hukaa kitandani saa 9, huagizwa akae saa 6 tu na aamke wakati ule ule kila siku. Usingizi uliotawanyika hukusanyika, kisha muda huongezwa kidogo kidogo.

Nani angefundisha hayo katika kliniki ya umma? Mwaka 2001 Colin Espie na wenzake, Scotland, walichapisha matokeo ya tiba ya aina hiyo iliyotolewa na wauguzi wa jamii, nao wagonjwa walilala vizuri zaidi. Mwaka 2023 jaribio kubwa la kupunguza muda wa kitandani lilichapishwa England: watu wazima 642, katika vituo 35 vya madaktari wa familia. Wauguzi wasio mabingwa wa usingizi walipewa mafunzo mafupi, wakakutana na kila mgonjwa mara 4, ana kwa ana au kwa simu. Baada ya miezi 6, wagonjwa hao walikuwa na nafuu kuliko waliopewa kijitabu cha ushauri peke yake.

Habari hii inatuhusu. Zahanati zetu nyingi za Tanzania na Kenya huendeshwa na wauguzi na matabibu, na diazepamu hupatikana katika maduka ya dawa. Tiba iliyochukua miongo kukubalika Uingereza inahitaji daftari, kalamu, saa ya ukutani na muuguzi aliyefundishwa. Kilicho ghali ni muda wa kusikiliza, na huo ndio mgonjwa aliyekesha alioufuata tangu mwanzo.